Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema hivyo kwa kuwa siku ya kufika mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku, na watoto waliokuwa wakila mchicha siku nne hupata mchuzi kwa baraka za mgeni. Lakini leo twataka kuitazama mithali hii kwa jicho jingine. Mgeni tunayemkusudia ni mwanafunzi wa uuguzi atokaye Ulaya au Marekani, ajaye katika hospitali zetu na zahanati zetu kutafuta mazoezi ya kazi. Mwenyeji ni mgonjwa aliyelala kitandani. Hapa neno "apone" halina fumbo tena. Ama atapona, ama hatapona.

Kilichotutia kalamu mkononi ni jambo tulilolishuhudia pande za Myanga, katika Bumula, kaunti ya Bungoma. Kwa mtu wa Mombasa ni safari ya mchana na usiku, lakini si ugenini kama tunavyodhani. Hapo jirani ndipo Mumias, ambako misafara ya wazee wetu wa pwani ilifika katika karne ya kumi na tisa, ikapokewa na Nabongo Mumia, na Uislamu ukashika mizizi hadi leo. Na Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, wakikutana husema "mulembe", maana yake amani. Basi mtu atokaye kwa watu wa "salaam" akafika kwa watu wa "mulembe" hakwenda mbali.

Tulikuwa tumekwenda kutoa rambirambi. Siku ya pili mwenyeji wetu alikuwa akimpeleka bibi yake kituo cha afya kupimwa presha, nasi tukafuatana naye. Wagonjwa walikuwa wengi, na wauguzi walikuwa wawili tu. Pamoja nao alikuwapo msichana mmoja wa Kizungu, amevaa sare ya buluu, umri wake haukupita miaka ishirini na miwili. Muuguzi mkubwa alimwambia yule bibi kwa heshima: "Kukhu, huyu ni mwanafunzi. Anaomba akupime presha." Kukhu, kwa lugha yao, ndiyo nyanya. Yule mzee akamtazama msichana kwa muda, akacheka, akaunyosha mkono.

Kipimo kikaenda vizuri. Lakini muuguzi alipogeuka kumhudumia mtoto aliyekuwa akilia, yule msichana alichukua sindano na kichupa ili atoe damu, kama ilivyoandikwa katika karatasi ya daktari. Kukhu akaurudisha mkono wake ndani ya khanga. Akasema, na mjukuu wake akatufasiria: "Uliomba moja, nami nimekupa. Hili la pili hujaliomba."

Msichana akawa mwekundu. Akaweka sindano chini, akamngoja muuguzi mkubwa arudi, na kwa kinywa cha muuguzi akaomba. Kukhu akakubali, kwa sharti kwamba muuguzi asimame hapo hapo mpaka mwisho. Damu ikatolewa, na wote wawili wakaachana kwa mulembe.

Tumelirudia tukio hili mara nyingi moyoni. Yule mzee hakusoma sheria wala tiba, lakini aliweka mpaka ambao wenye elimu wamekuwa wakiutafuta kwa mikutano na maandishi.

KWA NINI WANAKUJA

Kabla ya kulaumu, ni haki kujua sababu. Uuguzi haufundishwi kwa kitabu peke yake. Katika Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa uuguzi huhesabiwa saa 4,600 za masomo, na kwa kawaida nusu yake, yaani saa 2,300, ni za kazi kwa vitendo. Mwanafunzi wa ukunga katika nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa azalishe kwa mkono wake wanawake wasiopungua 40. Akishindwa kutimiza kwa uchache wa wazazi, wakubaliwa 30, maadamu amesaidia katika uzazi mwingine 20. Sasa fikirini: katika nchi ambazo mwanamke huzaa mtoto mmoja au wawili, na wanafunzi wanagombania nafasi katika wodi, hao arobaini watapatikana lini? Si ajabu basi macho yakageukia Afrika, ambako wodi ya wazazi haikauki mchana wala usiku.

Wako pia wanaokuja kwa nia safi kabisa, kutazama maradhi wasiyoyaona kwao, kama malaria, na kujifunza namna muuguzi mmoja wa kwetu anavyohudumia wodi nzima bila ya vifaa vingi. Hao hurudi kwao wakiwa watu wengine, na wengi huwa marafiki wa kweli wa nchi hizi. Na wako makampuni ya kati, ambayo humtoza mwanafunzi ada kubwa kwa kumpangia safari, nyumba na wodi, kana kwamba wodi ni bidhaa yao. Ni kiasi gani cha fedha hizo humfikia muuguzi anayemfundisha mgeni, au hununua glavu za kituo? Hilo ni swali ambalo kila msimamizi wa hospitali angepaswa kuliuliza kabla ya kutia sahihi.

Na haja ipo kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa imepungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na katika pengo hilo asilimia 89 lilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini ya wastani, ndizo nchi kama zetu. Palipo na pengo kubwa namna hiyo, mkono wowote unaojitokeza huonekana ni rehema. Hapo ndipo hatari inapoingia kwa mlango wa huruma. Muuguzi amechoka, foleni ni ndefu, mgeni yupo na ana hamu, anaambiwa, "Haya, shona wewe," au "Haya, zalisha wewe." Kwao hangeruhusiwa hata kuikaribia kazi hiyo bila ya mwalimu begani. Huku anaachiwa, na jioni anaandika katika daftari lake kwamba amejifunza mengi.

VICHWA VYA MAYATIMA

Waarabu wana mithali kali sana. Humsema mtu mwovu kwamba anajifunza kuumika juu ya vichwa vya mayatima. Kuumika, kwa vijana wasiojua, ni kupiga chuku, ile tiba ya kutoa damu kwa pembe. Na kwa nini mayatima? Kwa sababu yatima akikatwa vibaya hana baba wa kuja kuuliza. Mithali hii ni ya kale sana, kabla ya ndege na pasipoti, lakini waliotunga walijua kwamba mwanafunzi mzembe huchagua kichwa kisicho na mtetezi.

Dini yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu ajitiaye katika utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu yake mlango mzima. Angalieni neno lenyewe: dhamana. Haisemwi kwamba asiyejua asijifunze. Yasemwa kwamba asiyejua asijifanye mjuzi, na akijifanya, madhara ni juu ya shingo yake, nia yake iwe njema au mbaya.

Historia nayo ina ushahidi. Mwaka 319 wa Hijria, ambao ni 931 wa Miladi, alikufa mtu Baghdad kwa kosa la tabibu mmoja. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit, tabibu mkuu. Wapokezi wa habari wanasema waliotahiniwa katika mji huo walizidi 860. Miongoni mwao akaja mzee mmoja mwenye mavazi ya fahari, akakiri faraghani kwamba hajui kusoma wala kuandika, lakini ana watoto wa kulisha. Sinan hakumfukuza. Alimwachia kazi yake kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua, wala asitoe damu wala kumpa mtu dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Yaani alimchorea mstari akamwambia: hapa mwisho wako.

Na tukirudi nyuma zaidi, twamkuta Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye hema lake lilisimamishwa katika msikiti wa Mtume mjini Madina wakati wa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijria. Humo ndimo alimolazwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa. Basi uuguzi si jambo lililoletwa kwetu na meli. Twaujua tangu asili, na twajua adabu zake.

NJIA ILIPOISHIA

Ukitoka Myanga ukavuka mpaka wa Uganda ukafuata barabara ya Kampala, utafika Jinja, mji wa chimbuko la Nili. Huko, mwaka 2009, mwanamke kijana kutoka Marekani, asiye na shahada ya tiba wala ya uuguzi, alianzisha shirika la kuwasaidia watoto wenye utapiamlo. Alianza kwa kuwapa chakula. Kutoka chakula kazi ikaingia katika kulaza watoto mahututi. Kati ya mwaka 2010 na 2015 watoto 940 walipokewa hapo, na 105 wakafa. Mwaka 2015 mkuu wa afya wa wilaya akaamuru pafungwe. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa, pamoja na shirika la wanasheria wanawake wa Uganda, wakafungua kesi. Mwenyewe alikana kwamba alijifanya daktari, akasema alikuwa akiwasaidia wauguzi na madaktari wa Uganda walioajiriwa hapo. Mwaka 2020 kesi ikamalizika kwa sulhu, akina mama wakalipwa takriban dola 9,500 kila mmoja, bila ya upande wowote kukiri kosa.

Huyo hakuwa mwanafunzi wa uuguzi, wala hatumhukumu. Watoto wengine walifika hapo wakiwa taabani, na Mungu ndiye ajuaye nani angeishi. Lakini kesi ile yatuonyesha njia inakoelekea mtu anapoachiwa atoke katika kusaidia aingie katika kutibu, hatua kwa hatua, wala pasiwe na mtu wa kumwambia kama Sinan: hapa mwisho wako. Waliofika mahakamani ni wawili. Mama wangapi vijijini walirudi nyumbani na maiti, wakamshukuru mgeni kwa kujaribu?

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kumtupia mgeni lawama zote. Lakini mwenye kusema kweli lazima aseme yote. Tarehe 8 Agosti 1913 haikuwa siku hiyo. Ilikuwa 8 Agosti 2013, juzi tu, ambapo mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali kuu ya Bungoma. Alikuwa amehangaika kutafuta msaada akazimia njiani, na alipozinduka alikuta wauguzi wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu. Picha zake zilienea nchi nzima. Wala si kwamba huduma ilikuwa ya kulipia: serikali ilikuwa imetangaza uzazi wa bure tangu Juni mwaka huo huo. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba utu wake ulivunjwa, ikaamuru aombwe radhi na alipwe shilingi milioni 2.5.

Waliomtenda vile hawakutoka ng'ambo. Ni watoto wa nchi. Basi mgeni ajaye akatuona sisi wenyewe twamvunjia heshima mama wa kwetu, atajifunza nini? Atajifunza kwamba huku mgonjwa hana daraja. Mwanafunzi hufuata anayoyaona kwa mwalimu.

Nami nina langu la pwani. Binti wa ndugu yangu alikwenda kujifungua katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Saa yake ilipofika, pazia halikuvutwa, na miguuni pake walisimama vijana sita wageni, wanaume na wanawake, wakitazama. Hakuna aliyemwambia ni kina nani. Hakuna aliyemwomba idhini. Mtoto akazaliwa salama, alhamdulillahi, naye akanyamaza. Hakumweleza mama yake mpaka arobaini yake ilipokwisha, na alipoeleza alilia. Alisema kilichomuumiza si uchungu wa uzazi. Ni kwamba sitara yake ilitolewa na watu wasiokuwa na haki ya kuitoa, wala yeye hakuulizwa. Huenda kwa mmoja wa wale vijana, yeye alikuwa ni namba tu katika hesabu ya arobaini.

Wala msiseme kwamba sheria haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelinda utu wa kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema mgonjwa asifanyiwe tiba bila ya idhini yake, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Baraza la Wauguzi lipo kwa sheria tangu mwaka 1983, na ndilo lenye mamlaka ya kumwandikisha mwenye kufanya kazi ya uuguzi katika nchi hii. Hata huko wanakotoka wageni, mwaka 2010 jopo la wataalamu lilichapisha miongozo kuhusu wanafunzi wa afya wanaokwenda nchi za nje, ikahimiza kwamba mwanafunzi asivuke kiwango cha mafunzo yake na kwamba faida iwafikie wenyeji pia. Karatasi hazikupungua. Kilichopungua ni mtu wa kusimama kando ya kitanda na kuzitia katika matendo.

PATOKEE NA KURUDI

Mtu atauliza: je, tuwafungie mlango? La, hasha. Elimu ni kupeana. Uko mfano mwema si mbali na Bungoma. Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vimeshikana mikono tangu mwaka 1990. Wanafunzi wa udaktari wa Indiana huja Eldoret, wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Kenya chini ya walimu, na wanafunzi wa Moi nao hupelekwa Indiana wakajionea hospitali za huko. Katika urafiki huo ndimo ilimozaliwa mwaka 2001 kazi ya kuwatibu wenye ukimwi, iliyoenea hadi Webuye na Kitale. Hapo mgeni alikuja, na wenyeji wengi kweli wakapona.

Tofauti ni nini? Ni kwamba hapo pana kwenda na pana kurudi, pana mwalimu, na pana miaka. Haikuwa safari ya wiki tatu na picha ya kumbukumbu. Sasa mfikirieni msichana wa chuo cha mafunzo ya tiba cha Bungoma au cha Kitale, mtoto wa mkulima wa mahindi. Akitaka naye kwenda kuona wodi ya Manchester kwa majuma sita, nani atampa viza? Na hali akishahitimu atatakiwa kwa hamu: mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana sahihi mkataba wa wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Kwa hiyo mwanafunzi wao huja kwetu kujifunza, na hodari wetu huenda kwao kuuguza. Mgonjwa wa Myanga yumo katikati: kwa mmoja ni somo, kwa mwingine ni kumbukumbu.

Hatutaki makubwa. Twataka mgeni akija aje kwa jina lake, yaani mwanafunzi, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajaguswa. Aje na mwalimu, au akabidhiwe kwa muuguzi aliyepewa muda wa kufundisha. Asifanye huku asiloruhusiwa kwao. Simu yenye picha ibaki mfukoni. Penye sitara ya mwanamke, aulizwe mwenyewe, na akikataa asinuniwe wala asicheleweshewe dawa. Na chuo kinacholeta wanafunzi kumi kifungue mlango kwa wawili wa kwetu.

Nilipokuwa chuoni, maalimu alitupa mbao za kuandikia. Twaandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Ukikosea, waosha ubao kwa maji, waandika upya, wala hakuna aliyedhurika ila makalio ya mkosaji. Kwa ubao ule tulijifunza bila ya hofu. Lakini mwili wa binadamu ni amana ya Mwenyezi Mungu. Kosa lililoandikwa juu yake maji hayaliondoi. Yule Kukhu wa Myanga aliujua mwili wake kuwa ni amana, na kwa kuurudisha mkono ndani ya khanga alimfundisha mwanafunzi wa watu somo ambalo huenda ndilo bora kuliko yote aliyoyapata Afrika. Aliomba, akapewa. Huko ndiko kujifunza.

Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Mgeni njoo karibu, mwenyeji apate pona,
Usije kutujaribu, kama nguo ya kushona,
Uliza upewe jibu, ndipo mwili kuuona,
Si ubao wa hisabu, ukafutika mchana.